Mafuriko katika uwanda wa Makonde: kijiji kijiandae vipi, serikali inawajibika wapi

Wakazi wa Chilangala na vijiji vingine vya Newala wamezoea kuzungumzia uhaba wa maji, si wingi wake. Ndoo kichwani, foleni kwenye kioski, kisima cha nyumbani kilichokauka: hayo ndiyo mazungumzo ya kila kiangazi. Ndiyo maana tunaposoma redioni tahadhari ya mvua kubwa, swali hurudi lile lile: mafuriko yatatufikaje huku juu wakati hata mto hatuna?

Swali hilo lina msingi, na katika makala haya tunalijibu. Tunaeleza pia jinsi ya kuelewa tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), nani serikalini anawajibika kwa lipi, na kijiji kinaweza kufanya nini kwa nguvu zake. Tunalosisitiza ni kwamba barabara ikikatika, saa za kwanza zinabaki mikononi mwa kijiji chenyewe. Maandalizi ya saa hizo hufanyika kiangazi, kabla mvua za msimu za Novemba hadi Aprili hazijaanza.

Maji yanatoka wapi huku juu?

Sehemu kubwa ya udongo wa uwanda wa Makonde ni kichanga. Mvua ikinyesha, ardhi huyanywa maji haraka, kwa hiyo juu ya uwanda hakuna mito. Maji hayo hujitokeza chini, kwenye chemchemi za mabondeni, ambako wazee wetu waliyafuata kwa miguu.

Lakini kuna mahali ambapo ardhi hainywi maji tena. Barabara iliyoshindiliwa na magari, njia ya miguu inayoshuka bondeni, uwanja wa shule, ua unaofagiliwa kila siku na paa la bati vyote huyasukuma maji kwenda kwa jirani.

TMA huita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja ya mvua kwenye eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hesabu hiyo, bati la nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 litamwaga lita 2,400 kwa mvua ya milimita 50, yaani ndoo 120 za lita 20. Uwanja mgumu wa ekari moja utamwaga karibu lita 200,000, yaani ndoo 10,000. Maji yote hayo yakielekea kwenye njia moja inayoteremka, njia hiyo hugeuka korongo.

Kwa Newala na Masasi, hatari iko zaidi katika sehemu nne.

Kwanza ni kingo za uwanda. Ardhi inaposhuka ghafla kuelekea bondeni, maji hupata kasi na kuchimba. Korongo hukua kwa kurudi nyuma, likipanda kuelekea kwenye makazi, na kila kifuku hula mita chache za shamba, kisha barabara, kisha nyumba.

Pili ni bonde la Mto Ruvuma. Mto huu unaanzia mkoani Ruvuma, upande wa Songea, na kupokea maji ya mito mingine kutoka Tunduru na kutoka ng'ambo, Msumbiji, ukiwemo Mto Lugenda. Kwa hiyo mkulima wa mpunga aliyeshuka kutoka Newala kwenda kulinda majaruba anaweza kuwa chini ya anga jeupe, huku maji yaliyonyesha mbali siku kadhaa nyuma yakimjia. Asisubiri kuona wingu ili aondoke.

Tatu ni maeneo ya chini kama bonde la Kitangari, ambako maji ya miteremko hukusanyika.

Nne ni upande wa Masasi, ulio chini ya uwanda, wenye vilima vya mawe. Jiwe halinywi maji. Mvua ya saa moja kwenye kilima hufika chini kwa kasi na kujaza vijito ambavyo jana vilikuwa mchanga mtupu.

Tumejifunza nini kwa matukio yaliyopita?

Kusini mwa Tanzania si mgeni wa dhoruba. Aprili 1952 kimbunga kilipiga eneo la Lindi na kuua watu. Wengi waliokiona hawapo tena, na kumbukumbu yake imefifia.

Aprili 2019 ilikuja habari ya Kimbunga Kenneth. TMA ilitoa tahadhari mapema, na mkoani Mtwara shule zilifungwa na watu wakatakiwa kuondoka maeneo hatarishi. Aprili 25 kimbunga kikaingia nchi kavu upande wa pili wa Ruvuma, katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ambako zaidi ya watu 40 walifariki. Huku kwetu madhara yalikuwa madogo. Aprili 2021 Kimbunga Jobo nacho kilidhoofika kabla ya kuleta madhara makubwa nchini.

Hapo ndipo penye mtego. Tahadhari ikitolewa mara mbili na balaa lisifike, mtu husema, "Hawa wanatutisha tu." Lakini waliokufa Cabo Delgado ni majirani na ndugu wa watu wengi wa uwanda huu. Kimbunga kubadili mwelekeo kidogo hakuna maana kwamba tahadhari ilikuwa ya uongo.

Januari 2020 mafuriko yaliua watu wasiopungua 20 mkoani Lindi, na wilaya ya Kilwa iliathirika sana. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh mkoani Manyara, na zaidi ya watu 80 wakafariki. Tukio la Katesh linatuhusu watu wa miteremko, kwa sababu halikuwa mto uliofurika bali mlima ulioshuka pamoja na maji.

Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu huo zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kujeruhi 236. Nyumba zaidi ya 10,000 ziliharibiwa, kaya zaidi ya 51,000 na watu 200,000 hivi wakaathirika. Rufiji ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi.

Siku chache baadaye kikaja Kimbunga Hidaya, kilichofika Mafia Mei 4, 2024 kikiwa kimepungua nguvu. Pamoja na kupungua huko, mvua zake zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara katika eneo la Somanga na sehemu nyingine wilayani Kilwa. Mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa.

Somanga iko mbali na Chilangala, lakini mafuta, dawa, saruji na bidhaa za madukani hupita huko. Barabara ikikatika Kilwa, na huku kwetu kalavati likichukuliwa kwenye barabara ya kijiji, msaada hautafika siku hiyo hiyo hata kama serikali imejiandaa vizuri.

Jinsi ya kuelewa tahadhari ya TMA

TMA hutoa utabiri wa siku tano wenye ramani za rangi, na sisi huusoma redioni. Rangi na maneno yana maana maalumu:

- Kijani: hakuna tahadhari.
- Njano, "angalizo": fuatilia taarifa na uwe tayari.
- Chungwa, "tahadhari": chukua hatua sasa.
- Nyekundu, "tahadhari kubwa": hatari ni kubwa, fuata maelekezo ya mamlaka bila kuchelewa.

Kila tangazo huwa na vipimo viwili, na wengi huvichanganya. "Uwezekano wa kutokea" unaeleza kama mvua au upepo huo utakuja kweli. "Kiwango cha athari" kinaeleza utaharibu kiasi gani ukija. Ukisikia uwezekano ni mdogo lakini athari ni kubwa, usipuuze. Ni sawa na kuambiwa huenda nyoka hayumo kwenye shimo, lakini kama yumo ni koboko.

Tahadhari hutaja mkoa mzima, haitaji kijiji. Ukisikia "Lindi na Mtwara", chukulia kwamba nawe umetajwa. Anayejua kalavati lipi huziba na nyumba ipi iko kwenye njia ya maji ni wewe na majirani zako.

Nani anawajibika serikalini?

Tanzania inayo Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022. Uratibu wa kitaifa uko Ofisi ya Waziri Mkuu. Chini yake kuna kamati za usimamizi wa maafa za mkoa na wilaya, zinazoongozwa na Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya, kisha kamati za kata na za kijiji au mtaa.

Wengi hawajui kuhusu hizo kamati za chini. Kijiji chako kinatakiwa kuwa na kamati ya maafa. Kama hakuna anayeweza kuwataja wajumbe wake, basi kamati hiyo ipo kwenye karatasi tu, na karatasi haibebi mgonjwa usiku.

Kwa mambo mengine, kila taasisi ina sehemu yake:

- TANROADS inasimamia barabara kuu na za mkoa, ikiwemo ya Mtwara hadi Masasi kupitia Newala.
- TARURA inasimamia barabara za wilaya na vijiji. Kalavati lililoziba au korongo linalokula barabara ya kijiji huripotiwa huko kupitia mtendaji na diwani.
- RUWASA inasimamia maji vijijini, na ndiyo ya kuarifiwa bomba au chanzo kikiharibiwa.
- Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linaokoa watu. Namba yake ni 114.
- Halmashauri ya wilaya ina wataalamu wa afya, kilimo, ardhi na maendeleo ya jamii wanaopaswa kufika kufanya tathmini.

Zipo pia sheria zinazotubana sisi wananchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Anayelima mpaka kwenye maji anaondoa mizizi inayoshika ukingo, na mto ukifurika shamba lake ndilo la kwanza kuondoka.

Kijiji kifanye nini kabla ya mvua?

Kazi nyingi hapa hazihitaji fedha kubwa. Zinahitaji majembe, siku mbili tatu na makubaliano. Kwa kuwa maji ya uwanda huanzia kwenye maua yetu, njia zetu na mapaa yetu, tunaweza kuyapunguza kabla hayajapata nguvu.

Anzeni kwa kutembea. Wajumbe wa kamati, wazee na vijana wazunguke kijiji kizima wakijiuliza maji hupita wapi mvua ikiwa kubwa. Wazee wana kumbukumbu za njia za maji ambazo zimesahaulika, na wengine wamezijengea juu. Andikeni nyumba zilizo hatarini, vivuko vibaya na makalavati.

Kisha zibueni mifereji na makalavati mwezi Oktoba. Shughuli za korosho huwa zimepamba moto wakati huo, kwa hiyo pangeni siku mapema, la sivyo haitafanyika.

Njia za miguu zinazoshuka moja kwa moja bondeni zipindishwe, zikatishe mteremko. Wekeni vizuizi vya mawe au magogo mafupi kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yatoke pembeni kwenye majani. Mashambani, matuta yafuate usawa wa ardhi, yasielekee chini. Kwenye kichwa cha korongo msitupe taka mkidhani mnaliziba. Pandeni matete au majani ya vetiva, na myageuze maji yanakotokea kabla hayajaanguka humo.

Nyumbani, elekeza maji ya bati kwenye kisima cha kuvunia maji ya mvua. Visima hivi ndivyo vinavyotuokoa kiangazi, na kila lita inayoingia humo ni lita ambayo haikwenda kuchimba njia ya jirani. Ila kiwe na mfereji wa kutolea maji kikijaa. Kisima kinachofurika karibu na ukuta wa miti na udongo hulowesha msingi, na ukuta uliolowa chini unaweza kuanguka usiku watu wakiwa wamelala. Kifunike vizuri pia ili watoto wasitumbukie.

Baada ya hapo andaeni watu. Kamati iwe na orodha ya kaya zenye wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wajawazito na watoto wadogo, na kila kaya ipangiwe jirani wawili wa kuifuata. Mjamzito aliyekaribia kujifungua, anayeishi ng'ambo ya kivuko kibaya, asisubiri uchungu. Asogee mapema karibu na kituo cha afya au hospitali, iwe Newala, Mkomaindo au Ndanda.

Chagueni jengo la kukimbilia, kama shule, msikiti, kanisa au ghala la AMCOS, lililo juu na lenye paa imara. Ijulikane nani ana ufunguo, na ufunguo uwe na nakala. Kubalianeni pia sauti ya hatari, iwe ngoma, kengele ya shule au kipaza sauti cha msikitini, maana usiku wa dhoruba mtandao wa simu unaweza kukatika.

Mvua ikishaanza

Weka simu ikiwa na chaji, na redio ya betri karibu. Vitambulisho, kadi za kliniki, karatasi za shamba na stakabadhi za korosho zitie kwenye mfuko wa nailoni, ning'iniza mahali pa juu.

Usivuke maji yanayokwenda kasi. Maji ya kina cha sentimita 15 tu, yaani chini ya nusu ya urefu wa goti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuisukuma gari ndogo, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Bodaboda wanalijua hili, lakini abiria mwenye haraka huwashawishi. Ni bora kulala upande wa huku.

Ukiona ufa mpya kwenye ardhi karibu na ukingo, mti ulioanza kuinama au maji ya tope yakitoka mahali yasipotokaga, ondokeni wote mara moja. Hizo ni dalili kwamba mteremko unataka kushuka. Upepo ukiwa mkali, msijikinge chini ya mwembe au mkorosho.

Walioko mabondeni Ruvuma wahame mapema na wasilale kwenye madungu ya kulindia mpunga. Mto ukipanuka, mamba na viboko nao husogea.

Baada ya maji kupungua

Ugonjwa hufuata mafuriko. Kisima kilichoingiwa na maji ya nje kichukuliwe kuwa kimechafuka, kwa sababu maji hayo yamepita vyooni. Chuja kwa kitambaa safi, chemsha mpaka yatokote, au tumia dawa ya kutibu maji kama ilivyoelekezwa kwenye chupa. Mtu akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mwanzishie hayo njiani wakati mnampeleka kituo cha afya.

Kuhusu misaada, hapa ndipo manung'uniko huzaliwa. Mgawo hutegemea tathmini, na tathmini huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Kabla hujaondoa kifusi au kung'oa mkorosho ulioanguka, piga picha kwa simu. Toa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa mtendaji, na hakikisha jina lako limeandikwa na hasara imetajwa kama ilivyo. Orodha ya walioathirika isomwe hadharani. Ikisomwa mbele ya watu, jina la kupachikwa huonekana, na jina lililosahaulika huingizwa.

Maswali ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji

Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, na unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Katika mkutano unaotangulia kifuku, wakazi wana haki ya kuuliza haya na kutaka majibu yaandikwe kwenye muhtasari:

- Wajumbe wa kamati yetu ya maafa ni akina nani, na walikutana lini mara ya mwisho?
- Jengo la kukimbilia ni lipi, na funguo ziko kwa nani?
- Makalavati gani yameripotiwa TARURA, na jibu ni lipi?
- Orodha ya kaya zenye watu wa kusaidiwa iko wapi?
- Taarifa ya TMA ikitoka saa tatu usiku, itamfikiaje mtu asiye na simu wala redio?

Kiongozi anayeulizwa haya Septemba ana muda wa kurekebisha. Akiulizwa Februari, maji yakiwa mlangoni, hana.

Namba za kuhifadhi kwenye simu yako: 114 Zimamoto na Uokoaji, 112 Polisi, 199 Wizara ya Afya. Ongeza namba ya mtendaji wa kijiji, ya kituo chako cha afya na ya jirani mmoja anayeishi sehemu ya juu. Ziandike pia kwenye karatasi, maana simu huzimika. Utabiri wa TMA tunausoma kila siku katika msimu wa mvua, na tahadhari ikitoka tunakatiza kipindi kuisoma. Ukiisikia, mpigie au mfuate asiyeisikia.